Darasa Lililosikika Mpaka Kenya

Darasa langu la kwanza lilisikika mpaka Kenya. Wanaonijua watasema Marwa ameanza tena, lakini shule ilikuwa upande wa Sirari, mpaka uko pale pale, na watoto wangu wa darasa la tatu walipoitikia "Ndiyooo, mwalimu!" kuna ng'ombe wa ng'ambo waliacha kunywa maji. Wachuuzi waliokuwa wakivuka na mitumba walijua ni saa ngapi kwa kusikia tumefika jedwali la saba.

Nimestaafu juzi tu. Kiti changu cha chumba cha walimu, kile kilichofungwa mguu kwa mpira wa baiskeli, bado kina joto. Vijana niliowaacha pale wamenikalia kooni niandike kitu kuhusu kufundisha kwa ushahidi, maana siku hizi hakuna semina inayoisha bila neno hilo kutajwa, na baada ya semina kila mtu anarudi kufundisha kama alivyofundishwa na bibi yake. Basi nawaandikia. Habari za kupanda daraja sitazigusa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawasimulia vibao, vidole, mbuzi mmoja, na mtoto mmoja aitwaye Bhoke, ambaye nusura apelekwe Robanda kufukuza nyani kwa sababu mimi nilinyamazisha darasa.

Kwanza mjue anayewaandikia ni mtu wa masomo ya jioni. Nilipomaliza darasa la saba nilienda kufua mashuka kwenye kambi ya watalii kule Natta. Mashuka yalikuwa mengi kiasi kwamba ukiyashona pamoja yangefunika mbuga yote, twiga wakabaki wametoboa vichwa tu. Jioni nilikimbilia darasa la watu wazima, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa masikio. Mwalimu wetu alimaliza kila kipindi kwa swali moja: "Tumeelewa?" Na sisi wanaume wenye ndevu, wengine wana wakwe, tulijibu kwa sauti moja: "Ndiyooo!" Hesabu nilifeli. Nikarudia nikafeli zaidi. Na wakati wote huo nilikuwa nimeelewa.

Kwa hiyo nilipotoka chuo cha ualimu na kupangiwa ile shule ya mpakani, kazi ya kuitikiwa nilikuwa nimeiva. Siku ya kwanza Mwalimu Mkuu alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika bega kama anayempa mtu zindiko.

"Mwalimu Marwa, mimi niko ofisini nasikiliza. Darasa likinyamaza, nakuja."

"Likinyamaza kuna shida gani, Mkuu?"

"Likinyamaza ina maana umelala."

Sikulala. Vifaa vyangu vilikuwa chaki, kifutio cha soksi, na koo. Koo ndilo lililochoka kwanza. Kila jioni nilinywa uji wa moto kama mwimbaji wa kwaya ya Pasaka, na nilijiona mwalimu bora kuliko wote kati ya Ziwa na mbuga. Matokeo ya mitihani yalikuwa yanasema mambo mengine, lakini matokeo hayana sauti, na mimi nilikuwa mtu wa sauti.

Baadaye nikahamishiwa wilaya ya Serengeti, shule ya upande wa Nyansurura ambayo jina lake nitaliacha lipumzike. Huko ndiko nilikokutana na Mwalimu Rehema. Alikuwa anafundisha darasa la kwanza, binti wa fundi seremala wa Mugumu. Babu yake alikuja kutoka pwani na bidhaa za dukani. Bidhaa zikaisha, ulimi wa kujadiliana bei ukabaki kwenye ukoo. Alikuwa mfupi, ushungi wake kila siku una vumbi la chaki begani, na alinitangulia kazini kwa miaka mingi. Vile vijitabu vya semina ambavyo sisi wengine tulifungia karanga, yeye alivisoma. Tena alivisoma kama anayetafuta makosa ya mtu.

Wiki yangu ya kwanza alisimama dirishani kwangu. Nilikuwa na darasa la nne, nikiwakumbusha kusoma kwa ukurasa wa zamani wa darasa la pili. Nyumba ilikuwa inatikisika.

"Darasa lako linaimba vizuri, Mwalimu Marwa," alisema. "Wanasoma?"

"Dada Rehema, si umewasikia?"

"Nimewasikia. Nimeuliza kama wanasoma."

Akaingia bila kukaribishwa. Ubaoni nilikuwa nimeandika sentensi ya kitabuni: Juma anamvuta mbuzi. Yeye akafuta, akaandika kwa ule mwandiko wake ulionyooka kama rula: Mbuzi anamvuta Juma. Maneno yale yale, kayageuza tu. Akarudi nyuma, akanyoosha fimbo ya kuonyeshea.

Darasa zima, kwa nguvu za kutosha kung'oa bati: "Juma! Anamvuta! Mbuzi!"

"Tena."

"Juma! Anamvuta! Mbuzi!"

Sauti iliyoongoza ilikuwa ya msichana wa dawati la mbele, Bhoke, binti wa Mwita. Huyu kwenye darasa langu alikuwa spika, betri na redio yenyewe. Akiitikia yeye, wengine wote walifuata kama mabehewa. Rehema akamwinamia.

"Mama, hapa pameandikwa nini?"

"Juma anamvuta mbuzi."

"Angalia vizuri. Kama ni mbuzi anamvuta Juma?"

Bhoke alimhurumia. "Mwalimu, mbuzi hawezi kumvuta Juma."

"Umeangalia ubaoni?"

"Sijaangalia. Najua."

Nilicheka, maana ndivyo nilivyo. Rehema hakucheka. Tulipotoka nje aliniambia, na ningekuwa na pesa ya rangi ningeliandika ukutani mwa kila shule: "Usiniambie walivyoitikia. Nionyeshe walichoandika, mmoja mmoja."

Mimi nilikuwa nimehudhuria semina za mambo hayo, msidhani. Semina yangu ya kwanza kuhusu kumshirikisha mwanafunzi, mwezeshaji aliongea kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana bila kumuuliza binadamu yeyote jambo lolote. Mwisho akasema, "Tumeelewana?" Tukajibu ndiyooo, tukala kuku, tukarudi makwetu tumeshirikishwa. Kwa hiyo sikumwamini Rehema kwa maneno. Nikamwambia tushindane. Darasa la nne lilikuwa na mikondo miwili. Yeye afundishe mkondo mmoja kugawanya kwa namna yake, mimi wangu kwa koo, halafu tuwape maswali yale yale.

Siku tulipomaliza mada, wangu walishinda. Nilipita mbele ya ofisi nikitembea kama jogoo. Tukafunga likizo fupi, tukarudi, Rehema akatoa maswali yale yale tena. Wake walikumbuka kugawanya. Wangu walikumbuka wimbo. Mmoja aliandika wimbo wote mpaka mwisho, na chini yake akaweka jibu la kubahatisha.

Nikanyoosha mikono. Tukaenda kwa baba yake Mugumu, kwenye karakana nyuma ya soko, tukakusanya vipande vya mbao nyembamba alivyokata vikabaki. Mzee mwenyewe akatupigia randa, tukapaka rangi nyeusi, tukaanika juani. Kila mtoto akapata kibao chake, kipande cha chaki, na kitambaa cha kufutia. Namna ya kutumia haihitaji semina: unauliza, unasubiri, kila mmoja anaandika, anakumbatia kibao kifuani jirani asichungulie, halafu unasema "Onyesha!" na vibao vyote vinapanda mara moja. Hapo unaona darasa lako. Narudia, unaliona. Miaka yote nilikuwa nalisikia tu.

Siku ya kwanza ya vibao niliwaambia waandike neno "mbuzi". Nikasema onyesha. Jamani. Niliona "mzubi", niliona "buzi", niliona kibao kimoja chenye namba ya simu. Na pale mbele Bhoke alikuwa ameinua juu ya kichwa chake mbuzi aliyechorwa, ana pembe, ana ndevu, ana kamba shingoni, mzuri kuliko wa kitabuni.

"Bhoke, nimesema andika."

"Nimeandika mbuzi, mwalimu."

"Umechora."

"Lakini si ni mbuzi?"

Nikakaa naye pembeni wakati wa mapumziko. Hakuweza kusoma herufi zaidi ya zile za jina lake. Miaka minne darasani, sauti ya kuamsha wafu, na hakuna mwalimu aliyewahi kujua, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa akimsikia.

Kuanzia hapo nikabadilika, nami nikibadilika sibadiliki nusu. Kuitikia pamoja nikakufuta kabisa. Kila asubuhi nilianza kwa maswali matatu, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la zamani kidogo, bila alama, bila kugombezwa, vibao tu. Mwanzoni walilia kwamba la zamani "tulishamaliza, mwalimu," kana kwamba elimu ni ugali. Nikiuliza swali nilijilazimisha kunyamaza niimbe moyoni ubeti mmoja wa tenzi ndipo niite jina, maana zamani nilikuwa nampa mtoto muda wa nzi kutua. Na kila siku kabla ya chakula mimi na Rehema tulichanganya madarasa: asiyejua silabi anakaa na wa silabi, hata kama ni mrefu kuliko mlango, anayesoma maneno na wa maneno. Bhoke akakaa na watoto wa darasa la pili. Alikaa kama malkia aliyetekwa.

Sasa sikilizeni nilikokosea hesabu, maana ni kosa ambalo halimo kwenye kijitabu chochote.

Shule yetu ilikuwa imezungukwa na mashamba. Wazazi hawakuja shuleni, wangekuja kufanya nini wakati shule ilikuwa inawafuata shambani? Mtu alilima huku anasikia mtoto wake anasomeshwa. Mama alipalilia ulezi kwa jedwali la tatu. Walijua mwalimu gani amefika na nani ametoroka kwenda mnadani kwa kusikiliza tu upepo. Na shamba lililotazamana na darasa langu, ng'ambo ya barabara, lilikuwa la Mwita, baba yake Bhoke. Mtu yule kwa miaka minne alikuwa amelima akisikia sauti ya binti yake juu ya sauti zote. Alikuwa anawaambia wenzake kilabuni, "Huyo anayeongoza ni wangu."

Halafu siku moja, kimya. Siku ya pili, kimya. Chaki inakwaruza, vitambaa vinafuta, mimi naimba tenzi moyoni.

Mwita alikuja na jembe begani. Hakuingia, alisimama dirishani pale pale alipokuwa amesimama Rehema.

"Mwalimu."

"Karibu, Mzee Mwita."

"Uko hai?"

"Niko hai."

"Na watoto?"

"Wako hapa, wanaandika."

Akachungulia, akawatazama watoto kama mtu anayehesabu kuku baada ya kicheche kupita. "Bhoke yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Alikuwa na watoto wa darasa la pili, anafuata silabi kwa kidole. Mwita akasema polepole, na hapo ndipo nilipoogopa, maana Mkurya akipiga kelele mnaweza kuelewana: "Mtoto wangu alikuwa wa kwanza. Nilikuwa namsikia mwenyewe. Wewe umekuja, umemzima, umemrudisha kwa watoto wadogo."

"Mzee, hakuwa anajua kusoma."

"Mwalimu, usinitukane. Nina masikio."

Akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu. Kufika jioni habari ilikuwa imezunguka kwamba Marwa amepatwa na kitu, hafundishi, anawafundisha watoto kunyamaza. Mkuu, mtu mwema asiyependa maneno, aliniambia nirudishe kelele kidogo, "hata ya kuonyesha tu, asubuhi, wakati wazazi wanapita." Na Mwita akatangaza kauli yake: vibao vikiendelea, Bhoke anatoka. Shangazi yake Bhoke wa Robanda alikuwa anatafuta mtoto wa kulinda mahindi, maana kule nyani wanavuna kabla ya mwenye shamba. Akishakwenda huko, wote tulijua harudi shuleni. Msimu wa nyani hauna likizo.

Rehema alikuwa anafunga daftari zake. "Utarudisha kelele?"

"Nikirudisha anabaki," nikasema. "Anabaki anaimba. Mwaka ujao anaimba darasa la tano."

"Na usiporudisha?"

"Anakwenda kuwaimbia nyani."

Akanitazama. "Basi wafanye wazazi waone. Wewe si mtu wa kelele? Itumie."

Mkutano wa wazazi ukaitishwa, ukumbi ni darasa langu, kwa kuwa ndilo lililokuwa na kesi. Watu walijaa, hata wasio na watoto walikuja, kwa sababu walisikia kuna mwalimu wa kufukuzwa. Mwenyekiti wa kijiji, kama kawaida ya mwenyekiti anapoona watu wamekusanyika bila yeye kuwaita, akaomba atoe tangazo kwanza. Lilikuwa la josho. Akasoma karatasi ya afisa mifugo kwa sauti ya bungeni: ng'ombe wa upande wa mto waogeshwe Jumanne, wa upande wa mlimani Alhamisi, ndama wasiletwe kabisa mpaka itolewe taarifa nyingine kwa kuwa dawa iliyokuja ni kali kwao. Akakunja karatasi.

"Tumeelewa?"

"Ndiyooo!" Bati likatikisika. Niwaambieni, ilikuwa kwaya nzuri kuliko ya watoto wao.

Mimi nikasimama kabla Mwita hajasimama. Shikamoo zikapita kwa wazee, nikasema kabla hamjanifukuza naomba mchezo mmoja wa watoto. Fumbeni macho. Ngumi kifuani. Sasa, kwa tangazo mlilolisikia hivi punde: ndama waletwe lini? Kama ni Jumanne, toa kidole kimoja. Alhamisi, viwili. Kama wasiletwe kwanza, vitatu. Usimwonyeshe jirani. Nikaimba ubeti wangu moyoni, wazee wakanung'unika, mama mmoja akacheka.

"Onyesha! Fumbueni macho!"

Palikuwa na vidole vya kila namna. Kimoja kimoja, viwili viwili, mzee mmoja alikuwa ametoa vitano. Vitatu vilikuwa vya kuhesabika, karibu vyote vya akina mama wa nyuma. Mwita alikuwa mstari wa mbele na kidole kimoja kimenyooka kama mkuki. Watu wakaanza kutazamana, na kicheko kikaanzia nyuma.

"Mwita, mura, mwanaume wewe, utaua ndama wako!"

"Wewe mwenyewe umetoa viwili, nani anakucheka?"

"Jamani, jamani, mtazameni mwenyekiti!"

Tukamtazama. Mwenyekiti wa kijiji, mwenye karatasi mfukoni, alikuwa amesimama na vidole viwili kifuani.

Ilichukua muda watu kutulia. Kuna mzee alilazimika kutolewa nje apigwe na upepo. Mwenyekiti akafungua karatasi, akaisoma upya, safari hii kwa kuisoma. Nikasema sina hotuba. Nikasema tu, "Mliposema ndiyo mwanzo, nilikuwa na njia gani ya kujua?" Nikasema, "Bhoke alisema ndiyo miaka minne."

Hapo mnadhani Mwita alinyanyuka akanipa mkono. Hamumjui Mwita. Alinyanyuka, akarudisha kile kidole mfukoni pamoja na mkono wote, akasema: "Sawa. Nimeona. Lakini mimi sikuzaliwa na shule, mwalimu. Karatasi zenu siwezi kuzikagua. Nilikuwa na masikio tu, na hayo umeyafunga. Mimi nitajuaje kama anasoma?"

Namwambia yeyote anayetaka kufundisha kwa ushahidi: nilikuwa nimetafuta ushahidi wangu, nikamnyang'anya mzazi wa kwake, na sikumpa mwingine.

Rehema ndiye aliyesema kutoka mlangoni. "Utamsikia, Baba Bhoke. Peke yake. Akiwa tayari, atasimama hapa mlangoni asome kitu ambacho hajawahi kukisikia, na wewe ukiwa shambani kwako."

"Lini?"

Nikajitosa: "Kabla ulezi haujaisha kuvunwa."

Mwita akafikiri. "Nikimaliza kuvuna sijamsikia, anakwenda Robanda." Watu wakaitikia ndiyooo, halafu wakakumbuka, wakaanza kucheka tena.

Sijawahi kuuchukia ulezi wa mtu kama ule. Ulikuwa unaiva kwa kasi ya ajabu, nadhani Mwita alikuwa anautisha usiku. Na Bhoke alikuwa kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kushika. Uvivu hakuwa nao. Alikuwa na kipaji, na kipaji ndicho kilichokuwa adui: ukimsomea kitu mara moja, amekishika milele. Kila nilichompa asome alikuwa tayari amekisikia kwa mwenzake. Ikabidi kila siku Rehema atunge sentensi mpya za ajabu, ng'ombe anaendesha pikipiki, mwalimu mkuu anapika mandazi, ili macho yasikimbilie kwenye kumbukumbu. Silabi za jana, silabi za juzi, tunarudi, tunasogea. Bhoke alikasirika. Siku moja alitupa kibao.

"Zamani nilikuwa najua!"

"Ulikuwa unaimba."

"Ilikuwa tamu!"

"Najua. Hata mimi nilikuwa naipenda."

Akakiokota. Kitu kimoja kikawa kimebadilika bila mimi kuona: alianza kusema "hapa sijaelewa." Kwanza kwa kunong'ona. Baadaye kwa sauti ile yake. Na kwa kuwa wengine walizoea kumfuata yeye, darasa lote likaanza kusema hivyo, mpaka nikajuta, maana kufundisha watu wanaokiri hawajaelewa kunachosha kuliko kufua mashuka ya Natta.

Ng'ambo ya barabara ulezi ulibaki kona moja. Mwita na ndugu zake walikuwa wanakata masuke kwa visu, wanajaza vikapu, na kila wakigeuka aliangalia mlango wetu. Nikamchagulia Bhoke hadithi fupi nzuri, ngeni kabisa. Akaitazama, akairudisha.

"Baba hana kazi na sungura," alisema. "Nataka ile iliyobandikwa ofisini."

Ilikuwa karatasi ya afisa mifugo, imeletwa asubuhi ile, hata Mwalimu Mkuu alikuwa hajaisoma. Nikamwambia ina maneno magumu. Akasema, "Si utasubiri?"

Akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alisoma kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemwambia mwenzake jambo, ila yake ya kawaida inavuka barabara. "Tangazo. Kwa wafugaji wote. Dawa mpya im... imefika. Ndama wa upande wa mto..." Akakwama.

Ng'ambo kule visu vilikuwa vimesimama. Nilitaka kumwambia lile neno, ulimi uliniwasha kama nimelamba pilipili. Nikaanza ubeti wa kwanza wa tenzi. Nikamaliza. Nikaingia wa pili. Rehema alikuwa amekuja, amenishika mkono wa shati.

"Wa. Ta. O," akasema Bhoke. Kidole kikatembea. "Ge. Shwa. Wataogeshwa." Akainua kichwa, akarudi mwanzo. "Ndama wa upande wa mto wataogeshwa Jumatano asubuhi. Wa upande wa mlimani wasubiri."

Akashusha karatasi. Kisha Mwita akasimama katikati ya ulezi uliobaki, kisu mkononi.

"Bhoke!"

"Ee, tata!" Ndivyo wanavyomwita baba kwao.

"Rudia hapo pa ndama! Sijaelewa!"

Nilikuwa nimefundisha pande zote mbili za Mto Mara, nimekaa mikutano ya wazazi isiyo na idadi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia mwanamume mzima akisema neno hilo hadharani, tena kwa kupaza. Ndugu zake walimgeukia. Yeye alikuwa amesimama tu, anasubiri.

Bhoke akarudia, polepole. Halafu akafanya jambo ambalo mimi sikumfundisha, au labda nilimfundisha kila siku. Hakumuuliza kama ameelewa.

"Haya, tata! Ndama wanaogeshwa lini?"

"Jumatano!"

"Wa upande gani?"

"Wa mto!"

"Na sisi tuko upande gani?"

Mwita akageuka akautazama mlima nyuma ya nyumba yake, kana kwamba umewekwa pale asubuhi ile.

"Wa mlimani!"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ndama wangu hawaendi!" Akainama, akakata suke moja, akasimama tena. "Na wewe huendi!"

Bhoke akakunja karatasi mara mbili, akanirudishia.

"Ameelewa, mwalimu," akasema, akaenda kukaa.